Dada Wawili na Ngazi Moja: Uhakiki wa Riwaya ya Nervous Conditions

Riwaya ya Nervous Conditions, iliyotungwa na Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, ilitolewa London mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Wahakiki wengi wameisoma kama kitabu juu ya mwanamke na ukoloni. Hayo yamo, hapana shaka. Lakini mhimili wa kisa ni urafiki wa wasichana wawili, Tambudzai na Nyasha. Na kwa maoni yetu, asiyeupima urafiki huo kwa makini hatakifahamu kitabu.

Tumo katika Rhodesia ya miaka ya 1960. Tambudzai, binti wa mkulima maskini, analima mahindi yake mwenyewe ili apate karo, na kaka yake Nhamo anayaiba. Nhamo anapofariki mwaka 1968, ndipo Tambudzai anapochukuliwa misheni kusomeshwa na Babamukuru, mkuu wa shule. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufasiriwa jina hilo: ni baba mkubwa, kwa neno na kwa maana. Nyasha ni binti wa huyo Babamukuru, naye ameishi Uingereza miaka mitano ya utoto wake. Kimila, basi, wasichana hawa ni dada. Udugu wamepewa na ukoo. Urafiki hawana budi kuujenga wenyewe.

Wanaujenga katika chumba kimoja, kwa vitabu na mazungumzo ya usiku. Nyasha anamfundisha mwenziwe kuuliza maswali; Tambudzai anampa Nyasha msikilizaji, kitu ambacho hakipati kwa wanafunzi wenzake wanaomwona mwenye majivuno ya kizungu. Hata hivyo, mizani hailingani. Kwa Tambudzai elimu ni ngazi ya kumtoa katika ufukara, na ngazi hiyo imeshikwa na Babamukuru. Nyasha amekwisha kufika juu, akaona kwamba ngazi ina mchwa. Mama yake ana shahada ya pili, lakini nyumbani anaishi kwa kunyenyekea. Nyasha mwenyewe anapochelewa kurudi kutoka dansini, baba yake anampiga, naye anamrudishia pigo. Tambudzai anayaona yote hayo. Anampenda Nyasha, lakini kumsadiki kabisa ni kuiachia ngazi. Hapo ndipo penye uzito wa urafiki huu, na mtunzi hatafuti njia rahisi ya kuupunguza.

Walimu wa lugha watavutiwa hasa na nafasi ya Kishona katika kisa. Nhamo, akiisha kukaa misheni, anajifanya amekisahau, ila kinamrudia panapokuwa na jambo la maana la kujadili. Nyasha amekipoteza kweli, na kwa hiyo anasimama mlangoni pa jamaa zake kama mgeni. Mtunzi hatuhubirii juu ya lugha ya mama. Anatuonyesha tu mtoto asiyeweza kusema na jamaa zake.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyo bora. Tambudzai anapata nafasi katika shule ya watawa ya Sacred Heart, ingawa Nyasha amemwonya kuhusu shule hiyo. Barua za Nyasha zinamfikia huko, majibu yanapungua. Anaporudi likizoni anamkuta mwenziwe amekonda, anakula na kutapika, na usiku mmoja anakichana kitabu cha historia kwa meno. Daktari mmoja mzungu anasema kwamba Waafrika hawaugui maradhi ya namna hiyo. Kwa kuwa msimulizi ni Tambudzai mwenyewe aliyekwisha kuwa mtu mzima, kila neno lake juu ya Nyasha lina deni ndani yake. Hajitetei, wala haombi radhi, anasimulia. Kwetu sisi, huo ndio uhodari mkubwa wa riwaya hii.

Dosari haikosi. Mara nyingine Nyasha anazungumza kana kwamba anatoa mhadhara, na hoja zake zinampita umri. Lakini huenda hilo nalo ni sehemu ya ugonjwa wake: anayajua mambo yote, wala hana pa kuyapeleka.

Masimulizi ya Tambudzai yaliendelezwa katika The Book of Not (2006) na This Mournable Body (2018), lakini kitabu hiki cha kwanza kinajitosheleza. Mwalimu atakayekisoma na wanafunzi wa madarasa ya juu asiishie katika swali la nani mwema na nani mbaya. Na awaulize: Tambudzai angemjibu Nyasha barua zake, angepoteza nini? Kisha ajiulize mwenyewe ni kitu gani mtoto huambiwa, pasipo maneno, akiache nje ya mlango wa darasa ili apate kuingia.