Kuachia Klachi: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Gereji

Wanafunzi wetu wa tafsiri wamezoea matini za riwaya na za kisheria. Safari hii tumechagua kijitabu cha kurasa chache kuhusu kurekebisha na kutunza klachi ya lori zito, kilichotafsiriwa kutoka Kiingereza. Tulikikuta kimejaa grisi katika gereji moja ya Hima, Wilaya ya Kasese, mji wa kiwanda cha saruji.

Kisarufi hakina kosa kubwa. Upatanisho ni mzuri na tahajia inaridhisha. Kasoro iko katika vitenzi.

Mfasiri anaagiza: "Achia klachi kabla ya kuingiza gia." Kila dereva anajua kwamba kuachia klachi ni kuinua mguu. Mguu ukiinuka, sahani ya klachi hubanwa kwenye flaiwili na nguvu ya injini hufika kwenye giaboksi. Mfasiri alikusudia kinyume kabisa: sahani iachane na flaiwili, yaani pedali ikanyagwe. Neno la Kiingereza alilolifuata huweza kuhusu mguu au mtambo. Letu, kwa dereva, linahusu mguu tu. Utingo aliye chini ya lori, akimsomea mwenzake aliye kwenye usukani sentensi hiyo injini ikinguruma, anaweza kujiletea lori juu ya kifua chake. Hapa hatubishani tena kuhusu mtindo.

Kasoro ya pili inachekesha kidogo. Nafasi ambayo pedali hupita kabla ya kuanza kushika, milimita 38 hadi 50 kwa mujibu wa kijitabu, imeitwa "mchezo huru". Kitenzi kucheza kinafaa sana, maana hata jino lililolegea hucheza. Lakini nomino mchezo imetupeleka uwanja wa mpira. Fundi wa pale alitwambia tu, "Pedali icheze vidole viwili, ndipo ishike."

Kisha kuna "rekebisha", neno ambalo limetumika karibu kila ukurasa bila kusema upande gani. Sahani inapolika, nafasi ile hupungua. Ikiisha, bearing hukandamiza muda wote, klachi huteleza na sahani huungua. Anayeona klachi inateleza hudhani imelegea, naye akisoma "rekebisha" atakaza. Kukaza huko kunaimaliza nafasi yenyewe, na lori lenye shehena ya saruji linalopanda kuelekea Fort Portal, zaidi ya mita 500 juu ya Kasese, litakwama mlimani likinuka moshi. Kiswahili kina kaza, legeza, rudisha na sogeza. Kwa nini mfasiri akaacha vyote hivyo? Tunashuku ni mazoea ya darasani, ambako nasi tumewafundisha wanafunzi kutafuta kisawe kimoja kwa kila neno la chanzo.

Katiba ya Uganda iliifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kwa hiyo vijitabu vya namna hii vitaongezeka, na wahitimu wetu ndio watakaovitafsiri.

Limebaki suala la jina. Ukivuka mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera, fundi aliyefunzwa Beni au Butembo husema ambreyaji, kutoka Kifaransa. Sisi tungeandika majina yote mawili katika ukurasa wa kwanza, kisha tukaendelea na klachi.