Ukili Usiofumuliwa

Mwezi wangu wa kwanza kazini Uingereza nililipwa, pamoja na mengine, kukunjua taulo.

Ilikuwa katika makao ya wazee magharibi mwa Yorkshire, kwenye ghorofa ya wale wenye dimenshia, ugonjwa ule wa kupoteza kumbukumbu. Bibi mmoja aliketi mezani kila alasiri akikunja taulo za bafuni: ncha juu ya ncha, kiganja kikipita juu yake kama pasi, kisha moja juu ya nyingine mpaka zitimie 12. Hapo alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Mimi nilimshukuru, nikazibeba hadi stoo, nikafunga mlango, nikazikung'uta zote zikarudi kuwa rundo. Baada ya chai nikamletea kapu lilelile. Alilitazama, akapandisha mikono ya sweta, akaanza upya.

Nilijiona tapeli. Kwetu mtu mzima hachezewi. Hata kumwita kwa jina lake la kwanza, kama wenzangu walivyofanya na kama mwenyewe alivyopenda, ulimi ulinigomea wiki nzima. Na sasa nilikuwa namvurugia kazi yake nyuma ya mlango. Nilimweleza mratibu wa shughuli, nikitumaini atanihurumia. Akaniuliza, "Bila taulo angekuwa anafanya nini saa hizi?" Jibu nililijua. Angekuwa mlangoni akitikisa kitasa, akiomba afunguliwe akawachukue watoto shuleni. Watoto wenyewe walikwisha kustaafu.

Ni ufundi wa mratibu huyo ninaotaka kuusifu. Cheo chake hakina fahari. Nesi ana funguo za kabati la dawa, mpishi ana jiko lake. Yeye ana kabati la mipira, nyuzi, magazeti ya zamani na kinanda kilichokosa sauti mbili. Wageni humdhania mtu wa kuchangamsha wazee. Ukutani hubandika ratiba ya wiki: Jumatatu bingo, Jumanne nyimbo, Jumatano msusi wa nywele, Alhamisi kupanda maua. Ratiba kama hiyo hata mimi ningeiandika kwa dakika tano, na siku moja alipougua nilipewa nafasi ya kulithibitisha hilo.

Nilikuwa nimesikia kwamba wazee wa Kiingereza hupenda nyimbo za wakati wa Vita Kuu ya Pili, basi nikawawekea Vera Lynn, mwimbaji wa enzi hizo. Watu 11 walinitazama kwa adabu, kama abiria wanaosubiri basi la mtu mwingine. Wawili walisinzia. Mratibu aliporudi alichukua kalamu akanipigia hesabu. Aliyezaliwa 1943 alikuwa na miaka 2 vita ilipokwisha. Beatles walipotoa santuri yao ya kwanza kwa kampuni ya Parlophone, 1962, alikuwa na miaka 19. "Umewapigia nyimbo za mama zao," alisema. Kumbukumbu zinazong'ang'ania zaidi ni zile za tangu utoto unapokwisha mpaka kama miaka 30, umri ambao mtu anapenda kwa mara ya kwanza, anapata kazi, anaachana na kwao. Kabla ya kuchagua wimbo, fundi huuliza mwaka wa kuzaliwa.

Mwaka peke yake hautoshi. Kulikuwa na mama mwingine ambaye kila zamu iliandika habari zake kwenye daftari kwa maneno yaleyale: anachanachana nguo. Alishika pindo la pazia, la shuka, la sketi ya jirani, akilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akadonoa nyuzi moja moja. Tulimficha mapindo yote. Mratibu akampigia simu binti yake, akauliza swali ambalo sisi wengine hatukufikiria kuuliza: mama alifanya kazi gani kabla hajaolewa?

Bradford na Huddersfield ziliishi kwa sufu. Kitambaa kilipotoka mtamboni kilikuwa na vifundo na nyuzi zilizokatika, na kilipelekwa kwa wanawake waliokitandaza kwenye meza za mteremko karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Walikipapasa kwa ncha za vidole. Kifundo ambacho jicho halikukiona, kidole kilikiona. Wakakitoa kwa kibanio, na pengo wakalijaza kwa sindano mpaka lisionekane. Mama yule alikuwa mmoja wao. Miaka 50 baada ya kuacha kiwanda, vidole vyake vilikuwa bado vinakagua.

Wiki iliyofuata mratibu alileta mita mbili za kitambaa kizito cha sufu, na usiku alikaa nyumbani kwake akikitia vifundo kwa mkono. Aliinua upande mmoja wa meza kwa vitabu ili ipate mteremko, akaisogeza dirishani. Hakumwambia mama afanye nini. Aliketi kando yake, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akanyamaza. Mama naye akapitisha chake. Kilisimama. Akainua uso, akauliza kwa ukali ni nani aliyefuma takataka hii. Alifanya kazi dakika 40, muda mrefu kuliko tulivyowahi kumwona ameketi, na mapazia yetu yakapona.

Nilianza kumwangalia mratibu kama mwanagenzi amwangaliavyo fundi seremala: mkono unakwenda wapi kwanza? Huonyesha kabla ya kusema, kwa sababu maneno mengi humzamisha mwenye ugonjwa huu. Huuliza "chai au maziwa?" akiwa ameshika vyote viwili, wala haulizi "unataka nini?" Huzima televisheni. Neno "unakumbuka?" ni mwiko kwake, maana ni mtihani ambao mzee ataufeli mbele za watu, badala yake hutoa kiatu cha ngozi kilichochakaa na kuuliza, "Hiki unakionaje?" Maoni hayana kosa. Na anaijua saa. Desemba kule kwetu kazini jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kiza kikikaribia wengi hupatwa na wahka, wanatafuta makoti, wanataka kwenda kwao. Kwa hiyo taa huwashwa mapema, na kazi za mikono hupangwa hapo: taulo, sufu, kumenya njegere.

Mengi ya haya yana wazazi wake. Tom Kitwood, aliyefundisha Bradford, mji wa jirani, alitoa kitabu mwaka 1997 akisisitiza kwamba kabla ya ugonjwa kuna mtu, na kwamba mtu huyo bado anahitaji faraja, watu wa kushikamana nao, nafasi kundini, jambo la kushughulika nalo, na kujulikana yeye ni nani. Katikati ya yote akaweka upendo. Kule Marekani mwanasaikolojia Cameron Camp aliazima vifaa na mbinu za Maria Montessori, mwalimu wa watoto: kazi igawe hatua ndogo, kila hatua ionekane kwa macho, na iwe na maana kwa mtu mzima. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya vikao 14 vya kundi dogo, mara mbili kwa wiki, vya michezo, nyimbo na mazungumzo, miongoni mwa watu 201. Waliohudhuria walifikiri vizuri zaidi, na maisha yao yakawa na nafuu.

Vikao hivyo vimefika hata nyumbani. Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, vilijaribiwa na wazee 34 wa vijijini, na ripoti ya 2017 ikaonyesha nao wamenufaika. Lakini wengi wa wazee wetu hawakukaa darasani, hivyo mazoezi ya kusoma na kuandika yalibidi yapishe mambo wanayoyajua. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi. Ni kosa langu la Vera Lynn, tena lililoepukwa mapema.

Taulo, hata hivyo, ziliendelea kunisumbua. Kitambaa cha sufu nacho kilitiwa vifundo usiku, nikajiuliza tofauti iko wapi. Usiku mmoja wa zamu nilimsimulia mratibu habari za bibi yangu wa Pangani.

Bibi alisuka ukili, utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, maisha yake yote. Kama bibi wengi wa pwani aliniita "mume wangu", nami nikamjibu kwa utani uleule, mpaka siku moja utani ukatoka ndani ya neno. Aliniuliza wavu nimeuacha wapi. Babu, aliyekuwa mvuvi, alikuwa amefariki miaka mingi. Nikafungua kinywa nimweleze mimi ni nani, shangazi akaniwahi: "Wavu uko pwani, mama, unakauka." Kisha akamwekea miyaa mapajani.

Hakuna aliyeiita shughuli. Vidole viliendelea kusuka, ila hesabu ya miyaa ikawa inampotea, hapa saba, pale tano. Ukili ulipanuka, ukabana, ukaenda upogo. Nilidhani usiku shangazi ataufumua, miyaa yenyewe haiokotwi. Hakuufumua. Ulipotimia pima za kutosha aliketi barazani na sindano, akaushona wote, palipobana akapavuta, palipopwaya akapakunja. Ukatoka mkeka uliopinda upande mmoja kama mkondo wa mto. Tumeulalia, tumeulia wali, na siku ya arubaini ya bibi wageni waliukalia wakifuata mpindo wake.

Mratibu alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kitu. Jumatano iliyofuata, kabla msusi wa nywele hajafika, alimshika mkono bibi wa taulo, wakasukuma pamoja kitoroli chenye taulo zake 12 hadi chumba cha kuoshea nywele. Msusi alichukua ya juu, akamfunga mteja wa kwanza. Bibi alisimama pembeni akihesabu kwa midomo kila moja ilipotwaliwa. Ya mwisho ilipokwenda, alijipangusa viganja kwenye sketi, akarudi mezani, akaomba chai.

Sasa Jumatano taulo hazirudi kapuni. Ijumaa tumepata mtu wa fiziotherapia anayezihitaji nne. Siku zilizobaki bado naingia stoo na kufunga mlango, lakini nikizikung'uta huwa nawaza ni nani mwingine, kwenye jengo hili, aliyelowa.