Hongera, mafundi wa feleji wa India

Pongezi ziwaendee kwanza wachomeleaji wa Mazagon Dock, Mumbai. Nyambizi haina msamaha: mshono ukiwa na ufa usioonekana kwa macho, kilindini bahari itauona. Ya kwanza kati ya nyambizi sita walizounda, Kalvari, ilianza kazi Desemba 2017. Ya mwisho, Vagsheer, Januari 2025. Ramani ni ya Wafaransa, sawa, lakini jasho ni lao.

Pamoja nao wamo watu wa matanuri. Kiwanda cha feleji cha Bhilai kiliwasha tanuri lake la kwanza mwaka 1959 kwa msaada wa Wasovieti. Viwanda vya Bhilai, Bokaro na Rourkela ndivyo vilivyotoa tani 30,000 hivi za feleji maalumu kwa Vikrant, manowari ya kubebea ndege iliyoundwa Kochi.