Fundi Miguu

Ukitoka soko la Kiboriloni, ukaiacha lami ya kwenda Himo na kushika njia ya Old Moshi, gari huanza kusema habari zake kabla migomba haijafunga pande zote mbili. Mwanzoni ni sauti ndogo upande wa kushoto, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko jikoni kwa jirani. Kwenye kona usukani unachelewa: umeshakata, tairi bado linawaza. Dereva mgeni huilaumu barabara. Mwenyeji humpigia simu fundi miguu.

Huku kwetu vyote vilivyo kati ya tairi na chesi huitwa miguu ya gari, na anayeishughulikia ni fundi miguu. Fundi injini ana heshima yake, na fundi umeme siku hizi hatembei bila kompyuta. Fundi miguu bado hulala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, na kipimo chake cha kwanza ni kiganja.

Ninayemzungumzia ana gereji chini ya mgrevilea, mahali ambapo mteremko unaanza kutulia. Vijana wake wawili humwita Meku, neno la Kichagga la mzee, ingawa nywele zake bado nyeusi. Nilikwenda kwake na rafiki yangu mwenye Land Cruiser mkonga, ile ya 79, yenye injini ya 1HZ isiyojua kufa. Gari hilo hupandisha wageni Tsuduni kuona mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, kisha Kidia na kwenye vihamba vya kahawa. Wiki nyingine hukodiwa kwenda mbugani, na hapo hushinda kwenye rasta, yale mawimbi ya barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi. Kwa hiyo linakula pande mbili: mawe ya mlimani na mtetemo wa nyikani.

Malalamiko yalikuwa haya. Likifika mwendo wa 60, likikanyaga shimo dogo tu, usukani unaanza kutetemeka kushoto kulia kwa nguvu hata mikono inauma, na halitulii mpaka dereva apunguze karibu na kusimama. Lilikuwa limeshapelekwa kwa fundi mwingine, akabadilisha shokapu ya usukani. Mtetemo ukapotea wiki tatu, ukarudi.

"Shikamoo Meku," rafiki yangu alisema kwa utani, maana ni rika moja.

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa au umeniletea mcheza ngoma?"

Utani huo una ufundi ndani yake. Kiungo cha gari kilicholika hakivunjiki mara moja. Kinacheza. Kikicheza kimoja, vyote vilivyofungwa kwacho vinacheza pia, na mtu wa haraka atabadilisha kile kinachopiga kelele zaidi. Kazi ya fundi miguu ni kujua nani anacheza na nani anachezeshwa.

Hakugusa jeki. Alimwambia kijana mmoja aketi kwenye usukani, injini imezimwa na tairi zote ziko chini, aukate kidogo kushoto, kidogo kulia, polepole kama anayembembeleza mtoto. Yeye akajisukuma uvunguni. Alianza kwenye mkono unaotoka boksi ya usukani, akafuata chuma hadi tairodi, kiungo kwa kiungo, vyote vinne. Kwenye kila kimoja aliweka vidole pande mbili, nusu huku, nusu kule. Kiungo kizima, pande zote mbili huondoka pamoja. Kilicholika, upande mmoja huondoka na wa pili hufuata baadaye, kwa muda mfupi kuliko kupepesa. Jicho halikamati kitu hicho. Aliniita nijaribu, nikalala pale kwenye harufu ya grisi na majani makavu ya mgrevilea, nikaweka vidole, nikasema sioni tofauti. Akaushika mkono wangu akausogeza sentimita mbili, pale hasa pini inapoingia. Nikasikia. Ilikuwa kama mapigo ya moyo yaliyochelewa kidogo.

Ndipo akaitisha jeki, tairi likaachana na ardhi. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Vitabu husema lishike saa kumi na mbili na saa sita, na hii ni mara moja maishani ambapo saa za Kiswahili na saa za Wazungu hazigombani, maana vyovyote utakavyohesabu mikono iko juu na chini. Tairi lilicheza. Hapo wengi husema beringi za habu zimekwisha, wakaagiza beringi. Meku alimwambia kijana akanyage breki aishikilie, akatikisa tena. Breki ikikamatwa, habu na nako, kile chuma kinachoibeba na kugeuka na usukani, vinakuwa kitu kimoja. Kama mchezo ungekoma, kosa lingekuwa beringi za habu. Haukukoma. Kosa likahamia ndani zaidi, kwenye kingipini ambazo nako nzima inazizungukia.

Orodha ikawa fupi kuliko tulivyoogopa: tairodi ya kulia, kingipini za kushoto, na bushi za fimbo ya Panhard ambazo matundu yake yalishakuwa na umbo la yai. Ile shokapu ya usukani ya mwezi uliopita ilikuwa nzima kabisa. "Huyu hana kosa," alisema akiifuta vumbi. "Alikuwa anawashikilia wenzake wanaogombana, mpaka akachoka."

Fimbo ya Panhard, iliyorithi jina la kampuni ya Kifaransa, inahitaji neno. Hadi 1999 mikonga ya mizigo ilikuwa na springi za bapa mbele, na bapa hubeba gari na papo hapo huizuia ekseli isiende kando. Toyota ilipohamia springi za koili mwaka huo, abiria walishukuru, lakini koili hubeba tu, haishiki. Ndiyo maana ikaongezwa mikono miwili ya kuivuta ekseli mbele na nyuma, na hiyo fimbo ya mshazari kuifunga isitoke kushoto wala kulia. Raba zake zikilika, ekseli nzima inapata ruhusa ya kuyumba chini ya gari, na usukani unaifuata kama mkia.

Na kwa nini mbele ndiko kunakolika zaidi huku kwetu? Watu husema ni kupanda. Meku anakataa. Kupanda ni kazi ya injini. Ukishuka kutoka Kidia kwa gia ya kwanza, mguu kwenye breki, uzito unainamia mbele, na kila jiwe linapokewa na tairi lililokwisha kubeba zaidi ya fungu lake, breki ikilivuta nyuma huku springi ikilisukuma chini. Kushuka ndiko kunakomaliza miguu ya mbele. Nadhani yuko sahihi, na magoti yangu yanakubaliana naye.

Sasa nyundo. Pini ya tairodi ina umbo la pia, inaingia kwenye tundu la umbo hilohilo, na nati ikishakazwa vinabanana kama vimechomelewa. Nati ikitoka, pini haitoki. Mwenye pupa huigonga kwa chini hadi ncha yake inafumuka kama uyoga na nyuzi zinakufa. Mwingine hupachika uma wa chuma na kuchana raba. Meku aliirudisha nati nyuzi tatu hivi, ili kitu kisije kikamdondokea, akaegemeza nyundo kubwa upande mmoja wa jicho la mkono, akapiga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Mara moja, mara mbili. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilidhani amekosa shabaha, maana pini hakuigusa kabisa. Anapiga tundu. Chuma cha tundu kikipigwa hivyo hujibana na kujiachia kwa nukta moja, na katika nukta hiyo pini inaponyoka. Pigo la tatu lilitoa sauti tofauti, nene, na tairodi ikaning'inia kwenye nati yake.

Kabla ya kuifungua kwenye bomba alihesabu nyuzi zilizobaki nje, akaandika kwa chaki kwenye tairi. Ncha moja ya bomba hilo ina nyuzi za kawaida na nyingine za kinyume, ili ukilizungusha ncha zote ziingie au zitoke pamoja na tairi zikaribiane au ziachane. Hii pia ndiyo sababu ya tairodi ya kushoto na ya kulia kutofanana dukani. Kijana wake mdogo aliwahi kurudi mjini na mbili za upande mmoja; hakupigwa wala kutukanwa, alirudi tena kwa miguu.

Spea zenyewe ni somo jingine. Tairodi anayoiamini ni ya Japani, yenye namba 555. Lakini haamini boksi, maana boksi ni karatasi. Huitoa, akaikunja pini kwa kidole gumba. Mpya inatakiwa iwe nzito, ikatae, kisha ikubali bila kukwama popote. Ikilegea dukani anairudisha juu ya kaunta bila maelezo.

Nako ndiyo iliyokula muda. Ndani yake kuna tufe la chuma, kubwa kidogo kuliko nazi iliyofuliwa, na grisi iliyotakiwa kuwa nzito ilikuwa imegeuka uji mweusi: oili sili ya ekseli ilishachoka, oili ya difu ikavuka. Alikwangua yote, akaosha kwa dizeli, akafuta, akaosha tena. Sikuhesabu mara ngapi. Kofia ya juu inakazwa na washa za umbo la pia ambazo nazo hubana. Hizi alizigonga kwa kipande cha shaba, maana shaba huumia yenyewe na kuiacha stadi salama. Zile shimu za juu, vibati vyembamba vya kujazia nafasi, alizifunga kwa waya, na za chini kwa waya mwingine, kila fungu kwenye kopo lake. Zikichanganyika, nako haitakaa katikati ya tufe tena.

Kisha akanionyesha beringi kuukuu. Kwenye kikombe chake kulikuwa na mistari midogo iliyobonyea, na yote iko mahali pamoja. Gari huenda mbele moja kwa moja sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo rasta hupigilia roli za kingipini palepale kila siku mpaka zinachimba vitanda vyao. Ukizungusha nako kwa mkono, ikifika katikati inadumbukia. Dereva hudhani usukani wake umenyooka vizuri, kumbe umenasa.

Vikombe vipya aliviingiza kwa kutumia kikombe cha zamani kama kigongeo, akizunguka duara kwa mapigo mepesi. Hapa alikuwa anasikiliza. Kikombe kikiwa bado njiani sauti ni butu. Kikigusa sakafu yake sauti inakuwa kavu, ya juu, kama kengele iliyoshikwa. Alipoisikia alipiga mara moja zaidi, nadhani kwa kuifurahia tu. Baada ya kufunga, aliunganisha mizani ya ndoano kwenye tundu la mkono wa nako, akavuta taratibu. Inatakiwa ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 6 hivi. Ikawa pungufu. Akafungua, akapunguza shimu moja nyembamba kuliko kucha, akafunga, akavuta. Ikakataa zaidi kidogo kuliko mwanzo, lakini bado. Akatikisa kichwa, akafungua tena. Rafiki yangu alitazama saa. Meku hakutazama kitu isipokuwa mshale.

Zilibaki bushi. Hizo zilikandamizwa kwa presi ya jeki aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vya reli, kazi ya robo saa. Lakini fimbo ya Panhard ilipopachikwa, nati zake hakuzikaza. Alizifikisha kwa mkono, akaelekea kazi nyingine. Nikadhani amesahau, nikamkumbusha, na hapo tu ndipo nilipoona anaudhika kidogo. Bushi ya raba haizunguki. Inajipinda na kurudi. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, ekseli ikiwa imening'inia, raba inafungwa katika mkao huo, na siku utakapolishusha itakuwa imejipinda maisha yake yote mpaka ichanike. Kwa hiyo gari lilishushwa, vijana wakapanda bampa wakaliruka ruka likae kwenye kimo chake, ndipo akaingia uvunguni na spana ndefu akazikaza.

Jioni akainua tairi za mbele moja moja, akazizungusha huku ameegemeza msumari ili uchore mstari katikati ya mpira. Wakashika futi kamba yeye na kijana, mbele ya tairi kisha nyuma yake. Mbele inatakiwa iwe finyu kwa milimita chache. Aligeuza bomba la tairodi robo mzunguko, akapima, akarudisha nusu ya robo, akafunga klampu na kukunja kotapini.

Tulipanda naye hadi karibu na Kidia, tukageuza. Kwenye kushuka, katika kona ambayo kila dereva wa Old Moshi anaijua kwa mawe yake, rafiki yangu alikata usukani kisha akafungua vidole. Usukani ukarudi wenyewe, polepole, ukasimama katikati bila kutikisika. Alicheka kwa sauti. Meku alifungua dirisha, akatoa kichwa nje kidogo, akasikiliza tairi la kushoto hadi tulipofika lami.

"Kilomita 500 ulirudishe," alisema akishuka. "Nataka nizishike tena hizo nati."

Akaenda kwenye ndoo, akachukua kiganja cha maranda ya mbao na sabuni ya unga, akaanza na vidole.