Nyumba, Hadhira na Lugha: Tamasha la Fasihi la Familia Jijini Nairobi

Utangulizi

Kwa muda mrefu neno 'tamasha', katika mazungumzo ya fasihi nchini Kenya, lilihusishwa na mashindano ya shule: Tamasha la Muziki na Tamasha la Drama, ambako wanafunzi hukariri mashairi na kuigiza mbele ya waamuzi. Siku hizi neno hilo limepanuka. Hutumiwa pia kutaja siku mbili au tatu za mwisho wa juma ambapo waandishi, wachapishaji na wasomaji hukutana, wazazi wakiandamana na watoto wao, vitabu vikauzwa na hadithi zikasimuliwa. Mtindo huu umetoka mbali. Katika mji mdogo wa Hay-on-Wye, nchini Wales, tamasha la aina hii limefanyika tangu mwaka 1988. Na huko Sussex, Uingereza, nyumba ya mashambani ya Charleston, walimoishi wachoraji Vanessa Bell na Duncan Grant, nayo ina tamasha lake. Nairobi iliupokea mtindo huo mwaka 2009, wakati shirika la uchapishaji la Storymoja liliposhirikiana na waandalizi wa Hay.

Wahakiki wamezoea kuchunguza yanayosemwa jukwaani. Ni nadra kwao kuchunguza jukwaa lenyewe. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo kwa kuangalia mambo matatu yanayounda tamasha la familia: nyumba linamofanyika, hadhira inayoalikwa na lugha inayotumiwa. Hoja inayotetewa ni kwamba nyumba ya kihistoria si mandhari tu ya tamasha. Nyumba hiyo ni matini, na mtoto anayeketi kwenye nyasi zake kusikiliza hadithi huisoma bila kuambiwa. Ikiwa haisomwi kwa makusudi, itajisoma yenyewe kwa sauti ya waliokuwa wenyewe.

Nyumba kama matini

Mtu akitafuta jijini Nairobi mfano wa nyumba ya mashambani iliyofungamana na fasihi, hana budi kufika mtaa wa Karen, chini ya milima ya Ngong. Nyumba hiyo ya mawe ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Karen Blixen na mumewe waliihamia mwaka 1917, naye Blixen aliishi humo hadi mwaka 1931, shamba la kahawa liliposhindwa kujiendesha akarejea Denmark. Kitabu chake, Out of Africa, kilitoka mwaka 1937. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuitoa kwa Kenya kama zawadi ya uhuru. Mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyotokana na kitabu hicho kuonyeshwa, ilifunguliwa kuwa makumbusho.

Mfuatano huu wa tarehe una mafunzo. Nyumba haikuwa makumbusho mara tu ilipotolewa. Ilingoja zaidi ya miaka 20, na kilichoharakisha ufunguzi wake ni sinema. Kwa hivyo mgeni anayeingia leo huingia katika kitabu na katika filamu kabla ya kuingia katika nyumba. Anaonyeshwa samani, jiko na bustani. Ardhi ya ekari zipatazo 6,000, ambayo mwandishi mwenyewe anaitaja, haionekani tena. Imegawanywa na kuuzwa. Pamoja nayo yametoweka makazi ya maskwota wa Kigikuyu, ambao kitabu chenyewe kinakiri kuwa walizaliwa hapo, na baba zao kabla yao.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alilikabili jambo hili waziwazi. Katika mhadhara alioutoa Kopenhagen mwaka 1980, ambao baadaye uliingia katika Moving the Centre (1993), alimshutumu Blixen kwa kumchora mpishi wake Mwafrika kwa mkono uleule uliochora wanyama. Shutuma hiyo haijapoteza uzito wake. Hata hivyo, wapo wanaoichukulia kuwa kibali cha kuipita nyumba hiyo bila kuitazama. Msimamo huo una kasoro. Nyumba isiyotembelewa na wahakiki hubaki mikononi mwa watalii, na tayari kuna ushahidi kwamba waliokuwa kimya ndani yake walikuwa na la kusema. Mpishi huyo, Kamante Gatura, alitokea kuwa msimulizi kwa haki yake: mwaka 1975 kilichapishwa kitabu cha masimulizi yake, kilichokusanywa na Peter Beard. Tamasha lolote la familia litakalofanyika katika nyumba kama hiyo lina wasimulizi wawili wa kuchagua, wala si mmoja.

Ombi la shambani

Katika sehemu ya nne ya Out of Africa kuna kisa kifupi kinachostahili kusomwa na kila mwalimu wa ushairi wa Kiswahili. Jioni moja, wakati wa kuvuna mahindi, Blixen aliwatungia vijana waliokuwa wakifanya kazi shambani maneno ya Kiswahili yenye vina. Maneno hayo hayakuwa na maana; yalipangwa kwa ajili ya sauti tu. Vijana walimzunguka, wakawa wanakisubiri kina na kucheka kilipofika. Alipowataka wao wenyewe wamalizie beti, waligeuza nyuso. Baada ya kuizoea michezo hiyo walimwomba aendelee, wakiyafananisha maneno yake na mvua. Mwandishi anaeleza kwamba wenyeji hawa hawakujua ushairi, au angalau hawakuujua kabla ya kufundishwa nyimbo za dini shuleni.

Mhakiki wa Kiswahili anakumbana hapa na mambo mawili yanayopingana, na yote mawili ni ya kweli. Kwanza, dai la mwandishi ni potofu. Wakati anatunga vina hivyo vya mchezo, Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulikuwa umetimiza karne mbili au karibu ya hapo. Mwana Kupona alikwisha kumwachia bintiye utenzi wake tangu mwaka 1858, na mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalikuwa yangali yakikumbukwa Mombasa. Iwapo atasema mtu kwamba hayo ni ya pwani wala si ya Ngong, jibu liko katika bara yenyewe: Wagikuyu walikuwa na gĩcandĩ, utungo wa kujibizana kwa mafumbo ambamo mafanani wawili hushindana, kila mmoja akitikisa kibuyu kilichochorwa alama. Watu wenye sanaa hiyo hawawezi kusemwa kuwa hawakujua ushairi. Huenda walichokosa ni sababu ya kuutoa kwa mwajiri katikati ya kazi.

Pili, kisa hicho kina ukweli kuhusu upokezi wa ushairi. Hadhira hupata sauti kabla ya maana. Mtoto anayeitikia 'pakawa' baada ya fanani kusema 'paukwa' hajauliza neno hilo lina maana gani. Anajua tu kwamba zamu yake imefika. Vijana wa shambani walikisikia kina katika Kisetla, yaani Kiswahili cha walowezi, lugha iliyoumbwa hasa kwa kutoa amri na ambayo mara nyingi haikujali upatanisho wa ngeli. Hata katika lugha iliyokatwakatwa namna hiyo, walitambua kwamba kuna kitu kinachopita amri, wakakitaka zaidi.

Lililo muhimu kuliko yote, hata hivyo, ni kule kugeuza nyuso. Mwandishi anasema kwamba hawakuweza au hawakutaka kumalizia beti, kisha anapita. Msomaji hapaswi kupita. Kutoweza na kutotaka ni mambo tofauti kabisa. Katika desturi ya malumbano, anayeombwa kujibu huombwa kama mtu sawa na muulizaji. Anaweza kushinda, na mshindwa hukubali. Mwajiri na kibarua hawawezi kulumbana. Kimya cha vijana wale kinaweza kusomwa kuwa jibu la hadhira iliyoalikwa kucheka bila kualikwa kutunga.

Tamasha jijini

Kutoka Karen hadi katikati ya jiji ni mwendo usiotimiza kilomita 20, lakini kihistoria nyumba hizi ni za ukoo mmoja. Maktaba ya McMillan, iliyoko Barabara ya Banda karibu na Msikiti wa Jamia, ilifunguliwa mwaka 1931, mwaka uleule Blixen alipoondoka. Ilijengwa kwa juhudi za Bi. Lucie McMillan kwa ukumbusho wa mumewe, mlowezi William Northrup McMillan, na katika enzi ya ukoloni ilitengewa Wazungu pekee. Simba wa mawe wangali wamelala mlangoni pake.

Tangu mwaka 2017 shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshughulikia ukarabati wa maktaba hii pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Mwaka 2021 shirika hilo lilianzisha tamasha la fasihi, NBO Litfest, ndani ya maktaba hizo. Uamuzi huo ni wa kihakiki hata kama haukutajwa kwa jina hilo. Kuwaketisha watoto wa Nairobi chini ya dari ambalo babu zao hawakuruhusiwa kukaa chini yake ni kuibadilisha maana ya jengo. Aidha, kuunganisha McMillan na Kaloleni, mtaa uliojengewa Waafrika, ni kukiri kwamba historia ya nyumba moja haikamiliki bila ya nyingine.

Tamasha la Storymoja nalo lilipata historia ambayo halikuitafuta. Mnamo Septemba 2013 lilikuwa likifanyika katika Makumbusho ya Kitaifa. Tarehe 21 mwezi huo magaidi walishambulia jengo la maduka la Westgate, mtaani Westlands, si mbali na hapo. Watu 67 waliuawa. Miongoni mwao alikuwamo mshairi Mghana Kofi Awoonor, mmoja wa wageni wa tamasha, aliyezaliwa mwaka 1935. Tamasha lilikatizwa. Awoonor alikuwa amechota umbo la tungo zake katika mbolezi za Waewe, yaani katika nyimbo ambazo watu wake waliwaimbia wafu wao. Kwa mhakiki, kifo hicho kinaikumbusha hadhira kwamba tamasha la familia halifanyiki katika bustani iliyozungushiwa ua na kutengwa na jiji. Mshairi aliyealikwa na mzazi aliyempeleka mwanawe dukani Jumamosi ile walikuwa raia wa mji mmoja.

Suala la lugha

Linabaki swali la lugha, na hapa ndipo matamasha ya Nairobi yanapostahili kukosolewa zaidi. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, vizazi vizima vya watoto wamekisoma na kutahiniwa nacho. Hata hivyo, mijadala mikuu ya matamasha haya kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili kikipewa nafasi ya kuchangamsha tu, kuwafanya watoto waitikie na kupiga makofi, kisha kikaondolewa ukumbini mazungumzo yanapokuwa mazito, mtoto anafundishwa somo ambalo hakuna aliyekusudia kulifundisha: kwamba lugha hii ni ya sauti, na kwamba maana ina lugha yake nyingine. Huo ndio uliokuwa mgawanyo wa kazi katika shamba la mahindi.

Utetezi unaotolewa mara kwa mara ni kwamba wageni wa kimataifa hawaelewi Kiswahili. Hoja hiyo ina nguvu katika mikutano ya kitaaluma; haina nguvu katika tamasha linalojiita la familia, kwa kuwa familia nyingi za Nairobi hazikosi mtu anayekielewa. Isitoshe, hakuna haja ya kuwatafuta watunzi mbali. Wanafunzi wanaokariri mashairi katika Tamasha la Muziki wana mafunzo ya sauti, ishara na kumbukumbu. Tamasha la Utamaduni la Lamu lina mashindano ya ushairi wa Kiswahili, na watu wa rika zote huyasikiliza. Hata Sheng ya vijana wa Kawangware na Dagoretti, mitaa iliyo jirani ya Karen, ina mchezo wake wa maneno usiohitaji ruhusa ya mtu.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tamasha la fasihi la familia katika nyumba ya kihistoria lina maana inayozidi burudani ya mwisho wa juma. Nyumba ya Karen na Maktaba ya McMillan zinabeba masimulizi ya walozijenga, na pia kimya cha waliofungiwa nje au waliosimama jikoni. Waandalizi wana wajibu wa kuyatoa yote mawili kwa watoto kwa lugha nyepesi na ya kweli: nani alilala hapa, nani alipika, nani alilima, na shamba lilikwenda wapi.

Inapendekezwa pia kwamba matamasha haya yaweke kikao cha malumbano kwa Kiswahili katika ukumbi mkuu, saa za mchana, wazazi wakiwapo, ambapo fanani ataanza ubeti na mtoto ataumalizia mwenyewe. Kiingilio na nauli visiwe kizuizi kwa watoto wa mitaa ya jirani. Vijana wa shambani walipoombwa kumalizia beti waligeuza nyuso, kwa sababu mwombaji alikuwa mwenye shamba. Watoto wa leo hawana mwenye shamba mbele yao. Kama nao watanyamaza, itawabidi waandalizi wajiulize ni nani wamemweka jukwaani, na anazungumza nao kwa lugha ya nani.