Fuata Kilo Moja: Namna ya Kuipima ERP ya Kiwanda cha Chai

Chukua risiti ya mkulima mmoja, ya siku moja, kutoka kituo cha kununulia majani chai huko Konoin au Bureti. Mwombe mhasibu wa kiwanda aifuate ndani ya ERP, yaani mfumo wa kompyuta unaoshika hesabu zote za kiwanda: kutoka mizani ya kituoni hadi mizani ya kiwandani, hadi chai iliyochekechwa na kutiwa mifukoni, hadi loti iliyouzwa mnadani Mombasa, hadi malipo ya mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka. Kisha mwombe arudi kinyumenyume kwa njia ile ile. Akifika pande zote mbili bila kufungua faili la Excel pembeni, ERP hiyo iliwekwa na fundi. Akikwama, hapo alipokwama ndipo penye ubovu, na hakuna dashibodi yenye grafu za rangi itakayouficha.

Majani ya mkulima huyo yatachanganyika na ya jirani zake punde tu yakifika kwenye vihori vya kunyaushia. Hesabu ndiyo isiyopaswa kuchanganyika. Kilo zake zinabaki sehemu inayojulikana ya jumla ya siku hiyo, na jumla hiyo ndiyo iliyozaa chai iliyouzwa.

Wanaonihusu zaidi hapa ni wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima, kwa sababu wao ndio huombwa kutia saini. KTDA ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa shirika la serikali, ikabinafsishwa mwaka 2000, na viwanda inavyosimamia, kama vile Momul, Litein na Kapkatet upande wa Kericho, au Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet, ni kampuni za wakulima wenyewe. Anayelipwa na mfumo ndiye mwenye kiwanda. Tena, kwa miaka kadhaa sasa bonasi ya upande huu wa magharibi imekuwa chini ya ile ya mashariki ya Bonde la Ufa, na kila Oktoba wakulima wanauliza sababu. Mfumo usioweza kuonyesha shilingi ilipotokea na ilipoishia haujawatumikia, hata uwe wa kampuni kubwa namna gani.

Anzia kituoni, kwa kuwa kosa la kituoni hakuna idara ya kulirekebisha baadaye. Pale pana namba tatu: uzito wa gunia pamoja na majani, uzito unaokatwa kwa ajili ya gunia, na uzito halisi anaolipwa mkulima. Mfumo uliosanidiwa kwa uvivu huhifadhi ile ya tatu peke yake. Siku mkulima akidai kwamba anakatwa kupita kiasi, na malalamiko haya ni ya miaka mingi, hakuna wa kumjibu kwa ushahidi. Lori likifika kiwandani hupimwa tena, na uzito hauwi uleule. Majani yamepoteza maji njiani, au mvua imeyalowesha, au mkono wa mtu umeyapunguza. Fundi mzuri huipa tofauti hiyo akaunti yake, kwa kila lori, kila kituo na kila karani, na baada ya miezi michache unajua ni kituo gani hupoteza kilo kuliko vingine. Fundi mbaya huigawa kimyakimya kwa wakulima wote ili vitabu vilingane. Mimi hesabu ya majani mabichi isiyokuwa na tofauti hata siku moja huitilia shaka zaidi kuliko ile yenye tofauti zilizoandikwa sababu.

Zima mtandao karani akiwa anapima. Eneo la Kericho na Nandi linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na pamoja nayo huja radi na umeme kupotea. Mfumo wa kwenye wingu ambao haujajiandaa kwa saa tatu bila intaneti haukutengenezewa nchi hii. Mizani iendelee kupima, ihifadhi kila pimo kwa namba yake ya pekee, na mtandao ukirudi itume yote bila kuhesabu kitu mara mbili. Angalia pia saa iliyoandikwa: iwe saa ya kupima, si saa ya kutuma. Jioni ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kilo ni za mwaka gani wa bonasi.

Halafu fungua orodha ya wakulima. Huku majina yanajirudia mno. Akina Kiprotich na akina Chepkoech ni wengi katika kituo kimoja, kwa hiyo namba ya mkulima ndiyo utambulisho. Lakini nyuma ya namba moja huenda pakawa na mzee aliyekwisha kufariki, mjane anayechuma, na mtoto aliye Nairobi anayelipa mkopo wa mbolea. Kazi bora hutenganisha mwanachama mwenye hisa, shamba lenye majani, na mpokeaji wa malipo, iwe ni kwa benki, Sacco au M-Pesa, ili mirathi ikikamilika kinachobadilika ni mwenye namba, na historia ya kilo inabaki ilipo. Nimeona mifumo iliyoyabana yote matatu katika rekodi moja. Kila msiba unazaa namba mpya, na deni la mbolea linabaki likielea kwenye namba ya marehemu.

Ndani ya kiwanda ndipo ustadi wenyewe unapojitenga na ubabaishaji, na wengi hawapachunguzi. Kwa kawaida kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, zaidi kidogo majani yakiwa na maji mengi. Kuna njia rahisi ya kusanidi jambo hili: unaandika uwiano huo, na mfumo unakokotoa wenyewe chai iliyozalishwa kutokana na majani yaliyoingia. Skrini inapendeza, ghala linaonekana limejaa. Lakini kwa njia hiyo chai inayoibwa, inayoungua kwenye kikaushio au inayomwagika haitaonekana mpaka siku ya kuhesabu ghala, na siku hiyo hakuna anayejua ilipotea zamu ipi. Uwiano unafaa kuwa kipimo cha kulinganishia tu. Chai ipimwe inapotoka kwenye vichekecheo, zamu kwa zamu, gredi kwa gredi, kisha mfumo uoneshe pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana.

Hizo gredi nazo zina mtego wake. BP1, PF1, PD na D1 hutoka pamoja katika majani yaleyale, na nyuma yao hufuata za daraja la pili kama F1 na Dust. Gharama ya majani, kuni na umeme inagawanywa vipi kati yao? Ikigawanywa kwa kilo, gredi za pili zitaonekana zikileta hasara kila zinapouzwa, na za kwanza zitaonekana na faida isiyo yake. Bodi inaweza kufikia uamuzi mbaya kwa kuamini namba hizo. Kuigawa kwa thamani ya mauzo ndiko kunakokaribia ukweli. Muulize mshauri alichagua njia gani, na kwa nini. Asiyekuwa na jibu aliacha mfumo ujichagulie.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la tarehe. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yalianza Julai 2023, yakasimamishwa na mahakama Januari 2024, yakarudi kwa sheria mpya Machi mwaka huo. Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, yakachukua nafasi ya yale ya NHIF. Kama kumbukumbu za wakati huo zimo, mwombe karani wa mishahara achapishe upya pesilipi ya mfanyakazi ya Februari 2024. Ikitoka ikiwa na NHIF na bila makato ya nyumba, kila kiwango kimewekewa siku ya kuanza na siku ya kwisha. Ikitoka na SHIF, kuna mtu aliyefuta kiwango cha zamani na kuandika kipya juu yake, na huenda amefanya hivyohivyo kwa bei ya majani.

Dola ni ndugu ya jambo hilohilo. Mnada wa Mombasa huuza kwa dola, na mapema mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, kisha ikashuka hadi 130 hivi kufikia katikati ya mwaka. Kati ya siku ya kuuza na siku ya pesa kuingia, thamani ilikuwa imekwisha kubadilika. Tofauti hiyo ionekane kwenye akaunti yake. Ikifichwa ndani ya bei ya chai, mkulima ataambiwa soko lilikuwa baya kumbe ni shilingi iliyopanda.

Mwonjaji chai hatosheki na rangi ya kikombe. Hutazama pia majani yaliyobaki kwenye kifuniko. Majani hayo, katika ERP, ni orodha ya marekebisho. Karani akikosea akaandika kilo 81 badala ya 18, je, anafuta na kuandika upya, au mfumo unaliacha kosa lionekane, unaandika la kulitangua, na unadai sababu na idhini ya mtu wa pili? Soma marekebisho ya mwezi mzima kwa utulivu. Utaona nani anarekebisha usiku, kituo gani hukosea kila Ijumaa, na kama meneja ana uwezo wa kuandika na kuidhinisha kwa mkono mmoja.

Ankara za kodi za eTIMS, stoo ya mbolea na vipimo vya kuni ni kazi za kawaida, na fundi yeyote aliyesoma huziweza. Kinachohitaji jicho ni wingi wa mambo yaliyobuniwa upya. Mifumo ya kwenye wingu hujisasisha yenyewe. Business Central ya Microsoft, kwa mfano, hupata matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na Oktoba ndio mwezi wa bonasi. Kila kipande kilichoandikwa mahususi kwa kiwanda ni kipande kinachoweza kuvunjika wiki hiyo. Fundi anayejiheshimu hukataa baadhi ya maombi ya mteja, na yale anayoyakubali huyajaribu kwenye mazingira ya majaribio kabla ya toleo kushuka.

Katika mkataba, tafuta mambo mawili: data ya wakulima inahifadhiwa nchi gani na kwa masharti gani chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtaitoa vipi yote, pamoja na historia ya kilo, siku mkihama. Mfumo uanze tarehe 1 Julai na madeni ya mbolea yakiwa yamekwisha kuhakikiwa kwa kila namba. Kuuhamisha katikati ya msimu wa majani mengi ni kuwatwika makarani mzigo wasioustahili. Na sehemu ya mwisho ya malipo ya mshauri ibaki kwenye akaunti ya kiwanda mpaka bonasi ya kwanza ikokotolewe ndani ya mfumo mpya, ilinganishwe na hesabu iliyofanywa kando na mkaguzi, na kila tofauti ya shilingi ielezwe.