Taji la Calabar na Buba ya Kahindo

Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma, hadisi na majina ya koo. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kitu ambacho sisi walimu na wazazi tunakitupa haraka tukisema ni mambo ya wazungu: mashindano ya Miss. Nilikuwa mmoja wa wale wanaosema hivyo. Sasa sisemi tena vilevile, na nitaeleza juu ya nini.

Tarehe 27 Desemba 2018, huko Calabar, inchini Nijeria, Dorcas Kasinde wa Kongo yetu alichaguliwa kuwa Miss Africa. Mashindano yale yalianza mwaka wa 2016 chini ya serikali ya jimbo la Cross River, wakati wa kanivali kubwa ya mwisho wa mwaka. Kabla yake walishinda msichana wa Angola na msichana wa Botswana. Jina lake lilipotangazwa, fataki zikafyatuliwa. Cheche zikaangukia nywele zake, zikashika moto mbele ya watu wote. Mwanaume mmoja akakimbia, akauzima kwa mikono. Bahati njema, msichana hakuumia.

Ile video ilitufikia kwa kuchelewa. Intaneti ilikuwa imekatwa inchi nzima tangu 31 Desemba juu ya uchaguzi, karibu siku ishirini. Basi ikatembea kwa kadi ya simu, simu hadi simu, na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita waliiona nyuma ya darasa kabla yangu. Walicheka. Nikanyang'anya ile simu, nikaangalia, nami nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinanisumbua mpaka leo.

Juu ya nini? Tuangalie tarehe. Siku moja mbele, tarehe 26, Tume ya Uchaguzi (CENI) ilitangaza kwamba watu wa Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura tarehe 30 pamoja na wengine, bali wangoje Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Lakini Rais mpya alipaswa kuapishwa Januari, kwa hiyo kura ya Machi ingemchagua nani? Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliwekwa pembeni. Tarehe 27, siku ileile ya Calabar, vijana wa Beni walikuwa barabarani, na kituo kimoja cha kupokelea wagonjwa wa Ebola kikashambuliwa. Tarehe 30 watu wa Beni wakapanga mistari, wakapiga kura yao wenyewe, wakijua Kinshasa haitaihesabu.

Sasa mtu wa mashindano ya Miss huwa anabeba jina la inchi kwenye utepe. Kule Calabar majaji walipiga kura, Kongo ikashinda. Huku nyumbani Wakongo walinyimwa kura. Msichana yule hana kosa. Lakini mchezo wenyewe una uongo ndani yake: unasema mwili mmoja mzuri unaweza kusimama kwa niaba ya inchi, hata kama inchi hiyo haimruhusu dada yake kusema neno lake. Na kuna jambo lingine. Katika mchezo huu msichana anapaswa kutabasamu kitu chochote kikitokea, maana watazamaji wamekuja kuona furaha. Sisi wa Masisi tunalijua tabasamu hilo. Ndilo tunalovaa mgeni wa shirika anaposhuka garini na kamera yake.

Si mara ya kwanza fujo na taji kukutana. Mwaka wa 2001 Agbani Darego wa Nijeria alikuwa Miss World, kwa hiyo Nijeria ikaomba kupokea mashindano ya 2002. Washindani wengine walikataa kwenda juu ya Amina Lawal, mama aliyehukumiwa kupigwa mawe. Kisha Novemba gazeti moja likaandika maneno juu ya Mtume Muhammad na wale warembo, na mji wa Kaduna ukawaka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Mashindano yakahamishwa London, yakafanyika Desemba, msichana wa Uturuki akavaa taji. Ninachokiona kibaya kuliko vyote ni urahisi wa kule kuhama. Warembo walipata ndege, lakini wafu wa Kaduna walibaki Kaduna.

Wenzangu watasema: si unaona, acha mambo hayo, si desturi yetu. Hapo ndipo tunaachana njia. Neno «desturi» tunalitumia kama blanketi. Hata Mobutu, aliyekataza mama wa Zaire suruali na sketi fupi kwa jina la «authenticité», inchi yake ilituma wasichana Miss Universe. Mwaka wa 1985, kule Miami, Benita Mureka Tete wa Zaire alifika katika watano wa mwisho. Na sisi wenyewe, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu, Wahutu, Watutsi, tunaposimama uani siku ya kupokea mahari, hatumpimi binti? Tunaangalia kama amenona, kama anajua kulima, kama ukoo wake hauna ugomvi. Kisha tunahesabu mbuzi ao ngombe, tunakunywa kasiksi. Majaji ni wajomba tu badala ya watu wa televisheni.

Tena tufungue hadisi yetu kubwa, ile ya Mwindo, ambayo Candi Rureke wa Wanyanga aliimba na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka wa 1969. Inaanza namna gani? Mwami Shemwindo wa Tubondo anaamuru wake zake wazae wasichana tu. Wazee wengi wanaeleza amri ile kwa mahari: msichana analeta mali. Basi tusijidai kwamba wazungu ndio walitufundisha kumfanya binti bidhaa.

Lakini hadisi hiyohiyo iko na sehemu ambayo naipenda kuliko zote, na shuleni tunaipita mbio sababu inachukiza. Mwindo, akimtafuta baba yake aliyekimbilia chini ya ardhi, anafika kwa Muisa na kumkuta binti wa Muisa, Kahindo. Jina hilo mabinti wengi wa Kivu wanaitwa mpaka leo. Kahindo yule ana buba mwili mzima, toka juu mpaka chini. Mwindo hageuzi uso. Anamwosha vidonda vyake, anamponya. Na Kahindo ndiye anamfundisha namna ya kupita mitego ya baba yake. Hapo anayepimwa si msichana. Anayepimwa ni mwanaume aliyesimama mbele yake, kwa namna anavyougusa mwili wenye kidonda.

Nilikuwa nafundisha kipande hicho Januari ile ya 2019, na kichwani nilikuwa na picha nyingine ya Desemba. Tarehe 10, huko Oslo, Daktari Denis Mukwege wa Panzi alipokea tuzo ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad. Siku kumi na saba tu kati ya Oslo na Calabar. Dunia iliona mwili wa mwanamke wa Kongo mara mbili mwezi mmoja, mara ya kwanza katika maneno ya daktari anayeushona, mara ya pili chini ya taa na fataki. Mtu wa Walikale hahitaji kuelezwa maneno ya Oslo. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, Luvungi na vijiji jirani, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 walionajisiwa, mama, mabinti, hata wanaume na watoto wa kiume. Mkuu mmoja wa wapiganaji, Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha huko Goma mwezi wa Novemba 2020, miaka kumi imepita.

Darasani nikauliza mliona nini katika ile video. Vijana walirudia mzaha. Msichana mmoja aliyekimbia vita mara mbili akasema: «Mwalimu, kichwa chake kilishika moto, papo hapo mtu akakimbia. Kwetu nyumba zilishika moto, nani alikuja?» Hakuna aliyecheka tena. Kisha akaongeza, na hili ndilo lilinishinda: «Hata hivyo mimi ningetaka kuwa pale.»

Mwezi wa tano wale wasichana walituomba ruhusa wafanye Miss ya shule. Mkutano wa walimu ulikataa, na mimi niliinua mkono pamoja na waliokataa. Nilitoa sababu ya desturi. Blanketi lilelile.

Walifanya bila sisi, katika lupango la mzazi mmoja, siku ya juma. Nilipata habari kwa mama aliyewakopesha viti. Taji lilikuwa la karato na karatasi ya sigara. Hakukuwa na mavazi ya kuogea. Kila mmoja alivaa kitenge cha mama yake. Swali lilikuwa moja kwa wote: ungekuwa mwami, ungeanza na nini? Wengi walijibu amani, kama wale wa kwenye televisheni. Aliyeshinda alikuwa yule aliyekimbia mara mbili. Alisema angeanza kuondoa vizuizi vya barabarani vinavyotoza mama wa soko franka juu ya kila kitunga cha maharagi, kisha angemwuliza kila askari wa kizuizi jina la mama yake. Zawadi ilikuwa sabuni mbili na kilo ya chumvi.

Januari 2025 M23 walipoingia Masisi-centre, alikuwa ameshaolewa. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa njiani kuelekea Goma, mtoto mgongoni, na simu yake haikupita tena.